Ramani ya mwendokasi: majina ya vituo yamekaa

Hatimaye, kwenye ramani ninayoichora ya mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, njia ya Kimara hadi Kivukoni inasomeka bila mtu kupinda shingo. Awali niliichora Barabara ya Morogoro kwa mlalo, kwa kuwa ulipendeza na uliacha nafasi ya kutosha chini kwa njia ya Mbagala; lakini majina marefu kama Manzese Argentina na Magomeni Mapipa hayakuenea mpaka niyainamishe, na jina lililoinamishwa halimsaidii abiria anayelitafuta huku basi linaingia kituoni. Nimerudi kwa Harry Beck, ambaye ramani yake ya reli za London ya mwaka 1933 ilitumia mistari ya wima, mlalo na mshazari wa nyuzi 45: njia yote sasa inashuka kwa mshazari, na kila jina limelala sawasawa.

Kilichonitesa ni matawi. La Morocco linapanda kutoka Magomeni kwa Barabara ya Kawawa na kuyakata majina yaliyopangwa kulia. La Gerezani linashuka kutoka kituo cha Fire kwa Mtaa wa Msimbazi na kuyakata ya kushoto. Nilipunguza herufi, nikaweka masanduku meupe nyuma ya maandishi, na ramani ikaonekana imetiwa viraka. Kilichofaa ni kuyaweka majina kushoto kuanzia Kimara hadi Jangwani, kisha kuyavusha kulia kuanzia Fire. Ulinganifu umevunjika hapo, nami nautetea uamuzi huo, kwa sababu jicho la abiria hutafuta jina la kituo chake kabla ya kitu kingine chochote.

Bahari nimeiacha ya buluu. Ramani ya Massimo Vignelli ya treni za chini ya ardhi za New York ya mwaka 1972 ilikuwa nzuri mno, lakini maji yake yalikuwa na rangi ya mchanga na bustani ya Central Park, iliyo ndefu na nyembamba, ilikuwa mraba. Abiria walilalamika, na mwaka 1979 ikabadilishwa.

Kwa zana, QGIS, programu ya ramani, inanionyesha barabara zilivyo kweli, lakini kupanga maandishi ndani yake ni adhabu. Kazi hiyo naifanya kwenye Inkscape, programu ya kuchorea.

Nilikusudia sasa kuongeza daladala kwa rangi za mistari yao, ila Jangwani imenivuta kwingine. Mvua kubwa zikifurika Bonde la Msimbazi, barabara hufungwa pale, na ramani ya kawaida haimwambii abiria wa Magomeni lolote. Kwa hiyo kipande cha Magomeni hadi Fire nimekihamishia kwenye tabaka lake la mchoro, linaloweza kufichwa peke yake, ili toleo la siku za mafuriko lichapishwe bila kuchora upya, daladala zitasubiri.