Gari lilipochemsha kwenye baridi ya Minnesota

Tuliondoka Minneapolis Jumanne, tarehe 29 Januari 2019, saa tatu asubuhi, mimi na mama yangu mdogo. Shemeji alikuwa amejifungua huko Fargo, jimbo la jirani la North Dakota, na mama mdogo ndiye aliyekuwa anakwenda kumlea mzazi. Kikapuni alibeba pilipili manga ya kusaga kwa ajili ya uji, unga, na kanga mbili mpya za mtoto. Utabiri ulisema Jumatano baridi itazidi, tukaona heri tuwahi. Ni kilomita kama 380 kwa barabara kuu ya I-94, tambarare tupu, pande zote mbili mashamba yaliyofunikwa theluji.

Gari liliwaka kwa tabu. Stata ilizunguka kivivu, ikanyamaza, ikazunguka tena. Betri kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri hubaki na kama nusu ya nguvu yake, na oili nayo inakuwa nzito kama asali, kwa hiyo betri dhaifu ndiyo inayotakiwa kusukuma injini ngumu. Hayo nilikuwa nimeshayasikia. Lilipowaka nikamshukuru Mungu, nikajua shida ya siku imekwisha.

Tulipita St. Cloud salama. Tulipokaribia Sauk Centre, mama mdogo akavua glovu, akaweka kiganja kwenye tundu la hita.

"Baba, mbona huu upepo umepoa?"

Nikaweka mkono wangu. Kweli, ulikuwa baridi. Nikatazama geji: mshale umepanda hadi kwenye nyekundu. Sikuamini. Nje ilikuwa 13 chini ya sifuri kwa vipimo vya Marekani, yaani nyuzi 25 hasi za Selisiasi, na gari langu limechemsha! Kuchemsha nilikokujua mimi ni kwa malori yanayopanda mlima Kitonga kule Iringa mchana wa jua kali. Nikaweka gari pembeni, nikazima injini.

Nilifanya kile ambacho dereva yeyote wa kwetu angefanya. Nilikwenda kwenye buti kuchukua dumu la maji. Tangu naanza kuendesha sijawahi kusafiri bila dumu. Nililinyanyua, likatoka zito na gumu kama jiwe. Maji yote lita tano yalikuwa barafu, ubavu wa dumu umevimba na kupasuka kwa mstari mrefu. Nikasimama nalo barabarani, upepo unanikata masikio, sijui la kufanya.

Mama mdogo aligonga kioo kwa nguvu. "Ingia ndani, mwanangu! Acha hilo dumu!"

Alikuwa sahihi, na pengine ndiye aliyeniokoa vidole. Nikapiga simu ya dharura. Tukajifunika blanketi moja, tukanywa chai ya tangawizi ya kwenye chupa, mvuke wa pumzi zetu ukigandia vioo kwa ndani. Gari lisilo na injini inayounguruma hupoa upesi mno kwenye hali ile. Mama mdogo aliacha kuzungumza akaanza kusoma dua kwa sauti ndogo, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Askari wa barabarani alifika, akatuingiza kwenye gari lake lenye joto, akatuitia gari la kuvuta.

Fundi wa gereji tuliyopelekwa alikuwa mzee mpole. Alisubiri injini ipoe, akafungua kifuniko cha rejeta, akaniita nitazame. Humo ndani kulikuwa na uji wa barafu wa kijani kilichofifia, kama barafu za vifuko tulizokuwa tukinunua nje ya shule zinapoanza kuyeyuka. Akaniuliza kama niliwahi kuongeza maji. Nikamwambia ndiyo, Julai, rejeta ilikuwa inavuja kidogo, nikawa naongeza maji ya bomba kila wiki hadi nilipoziba tundu. Akatikisa kichwa taratibu.

Alinieleza vizuri, na nayaandika hapa kwa sababu najua wengi wetu tunaokuja huku tumezoea kumimina maji kwenye rejeta. Baridi ikiwa kali, themostati, yaani vali inayoruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta, haifunguki sana. Huyaacha maji ya moto yazunguke ndani ya injini tu ili ipate joto lake. Yale yaliyo kwenye rejeta, mbele kabisa, yanabaki karibu yametulia huku upepo wa barabara kuu ukiyapiga. Kama kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ili yasigande, imechujuka kwa maji, yanaganda hapo hapo. Themostati ikifunguka, njia imeziba, injini inachemka na kumwaga kimiminika, na hita inakosa maji ya moto ya kupuliza. Kulanti nusu na maji nusu huhimili hadi nyuzi 37 chini ya sifuri. Nikamwomba basi aweke kulanti tupu. Akakataa: ikiwa tupu huganda kwenye nyuzi kama 13 tu chini ya sifuri. Ni mchanganyiko ndio unaokinga.

Kisha akanyoosha kidole kwenye dumu langu lililopasuka. Maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia tisa, alisema, na chuma cha injini hakina pa kutanukia. Yangu yalikuwa bado uji. Usiku mmoja zaidi nje na block, yaani mwili wenyewe wa injini, ingepasuka kama lile dumu.

Gari lililala ndani ya gereji. Sisi tulilala kwenye moteli ya jirani usiku mbili, maana Jumatano Minneapolis ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, na hata posta ilisimamisha kugawa barua Minnesota nzima. Mama mdogo alimpigia mzazi simu kila baada ya saa chache kumwelekeza namna ya kukanda tumbo.

Alhamisi, kabla hatujaondoka, fundi alichuchumaa mbele ya gari, akachomoa waya mweusi uliofungwa nyuma ya grili. Ni wa hita ya injini, unachomekwa kwenye umeme usiku kucha. Mwenye gari wa kwanza alikuwa ameufungia. Nimelimiliki gari lile miezi tisa bila kuujua.

Fargo tuliingia alasiri. Kwenye maegesho ya kaka, karibu kila gari lilikuwa na waya unaning'inia mbele kama ulimi. Kaka alitoka na waya wa kuunganishia mkononi, akachomeka gari langu kwanza, ndipo akampokea mama kikapu na kumwamkia. Nilibaki nje kidogo. Nikainama karibu na boneti, nikasikia ndani sauti ndogo, kama birika linaloanza kupata moto. Mlangoni mama mdogo alikuwa ameshavua makoti yote, yuko na kanga tu, ananiita nikamwone mtoto.