Mwalimu wa jiografia na kioo asichokiona

Nilipotea kwenye milima ya Usambara, baada ya Lukozi, njia ya kwenda Mtae, kwenye njia panda yenye mkaratusi mmoja na binti anayeuza mapeasi kwenye ndoo. Simu ilikuwa imefungwa kwenye usukani wa baiskeli yangu kwa vipande vya tyubu, na tangu asubuhi nilikuwa nimeipandisha mwanga hadi mwisho ili nione ramani. Matokeo yake chaji ilibaki asilimia 4. Nikainama kuangalia njia inakwenda wapi, nikaiona sura yangu mwenyewe imejaa jasho. Nikavua kofia nikaifunika simu, nikaisogeza karibu, nikaisogeza mbali, kama tunavyofanya sisi tuliokwisha kupita hamsini. Ikazima.

"Shikamoo baba. Unakwenda Mtae?"

"Marahaba mwanangu."

"Shika ya juu. Hii ya chini inaishia shambani kwa watu."

Nafundisha jiografia sekondari hapa Tanga, huu mwaka wa ishirini na nne. Ramani ya 1:50,000 naisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Nilinunua mapeasi ya elfu mbili, zaidi kwa aibu kuliko kwa njaa, na nikiwa bado natafuna nikaamua kutafuta kompyuta ya baiskeli yenye GPS, kile kifaa kidogo cha kufunga kwenye usukani kinachoonyesha ramani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusoma orodha za sifa. Kila kifaa kina sifa arobaini, na thelathini na tano kati ya hizo ni za watu wanaoshindana. Mimi swali langu lilikuwa moja: nikiwa kwenye baiskeli inayotikisika, saa saba mchana, bila miwani ya kusomea, nitaona napinda kushoto au kulia?

Ilinichukua muda kuelewa kwamba vioo vya vifaa hivi viko vya namna mbili. Vingine ni kama vya simu: vinatoa mwanga wao wenyewe na kupigana na jua. Garmin Edge 1050 iliyotoka 2024 ni ya aina hiyo, na Karoo za Hammerhead pia. Rangi zinapendeza, ramani inang'aa, lakini jua la kwetu ni mpinzani mkali na anayelipa gharama za vita ni betri. Aina ya pili inalitumia jua lenyewe: mwanga unapita kwenye kioo, unagonga kitu kama kioo cha kujitazamia kilicho nyuma, unarudi kwenye macho yako. Jua likizidi, maandishi yanazidi kuonekana. Ndani ya duka kifaa cha namna hiyo kinaonekana kimechakaa, rangi zimepauka kama kanga iliyofuliwa miaka kumi, na ndiyo maana wengi hukikataa wakiwa bado kaunta. Ukitaka kukijua, kitoe nje.

Garmin wenyewe wanasema Edge 1040, yenye kioo cha aina hii ya pili, inafika saa 35 kwa matumizi mazito, na 1050 saa 20. Ni tofauti kubwa kwa mtu anayelala Lushoto mahali ambapo umeme unaweza kukatika usiku kucha.

Wenzangu ninaoendesha nao baiskeli Jumamosi waliniazima vitatu: Edge 1040, Edge 530 ya zamani, na Wahoo ELEMNT Bolt ya kwanza kabisa, ile isiyo na rangi. Nikavifunga vyote kwenye usukani mmoja nikaenda navyo barabara ya Pangani hadi Tongoni na kurudi, mchana. Watoto wa pale waliniuliza kama natangaza redio.

Bolt ilinishangaza. Nyeusi juu ya nyeupe, tarakimu nene, naisoma bila kukunja uso. Ila kwenye ramani isiyo na rangi, mto, barabara na mpaka wa msitu vyote ni mistari tu, na mimi nimezoea mto uwe bluu. Ile 1040 ina kioo cha inchi 3.5, ni raha tupu, lakini bei yake ikiwa mpya ni ya ng'ombe wawili na mwenye nyumba yangu angesikia. Edge 530 ina inchi 2.6 tu. Nilidhani nitaikataa.

Kilichoiokoa ni vitufe. Ina vitufe saba na kioo chake hakiguswi. Jasho langu lilipodondokea kile kioo cha kugusa cha 1040, ramani ilijisogeza yenyewe kuelekea baharini, na vidole vyenye vumbi na jasho havikuweza kuirudisha. Kwenye mvua za Usambara ingekuwaje? Kitufe unakibonyeza hata ukiwa na glavu, macho yakiwa barabarani.

Nikanunua 530 iliyotumika, laki saba, imetoka Ulaya. Nilipoiwasha ilikuwa na vichochoro vyote vya Uholanzi, lakini Tanga nzima ilikuwa mstari mmoja wa barabara kuu. Nikapakua ramani ya bure iliyotengenezwa kutokana na OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, nikaiweka kwenye folda yake kupitia kompyuta. Njia nyingi za Lushoto zimo. Nyingine hazimo, na hizo nimeanza kuzichora mwenyewe jioni badala ya kusahihisha madaftari.

Kuhusu udogo wa kioo, dawa niliyoipata ni kupunguza vitu. Kilikuja kimepangwa tarakimu chungu nzima kwenye ukurasa mmoja. Nimeacha tatu: umbali uliobaki, mwinuko, saa. Tarakimu zikanenepa. Mstari wa njia nimeupa rangi nyekundu. Jambo lililoniuma ni mwelekeo. Miaka yote nawaambia wanafunzi kaskazini iko juu, na mwanafunzi anayegeuza ramani namkata alama. Basi kwenye usukani nimesalimu amri: juu ya kioo sasa ni kule ninakokwenda. Wasiambiwe.

Nimezima pia kule kujipangia njia upya. Nilipoiacha ikiwa imewashwa, kila nilipokosea kidogo ilitaka kunirudisha kwenye lami, kwenye mabasi. Sasa nachora njia nyumbani, naiweka kama faili la GPX, yaani faili linalobeba mstari wa njia, na nikitoka nje ya mstari kifaa kinalia tu. Nikipanda kutoka Mombo, karibu mita elfu moja hadi Lushoto, kinanionyesha mlima uliobaki kwa mchoro, ule ule wa ubavu wa mlima ninaowachosha nao kidato cha nne. Wakati mwingine nisingependa kuujua.

Ukienda kununua, vaa miwani yako ya jua ileile unayoendeshea. Yangu ya zamani ilikuwa ya polaroidi, ile inayochuja mng'ao, na kuna pembe ambayo simu iligeuka nyeusi kabisa. Nusu ya matatizo yangu ya Lukozi pengine ilikuwa hiyo.

Jumamosi ijayo ni Mlalo. Faili nimeshapakia, ila kifuniko cha mpira cha tundu la kuchajia kimelegea na vumbi linaingia. Fundi baiskeli wa mtaani kwangu amenikatia kipande cha tyubu nikivalishe.