Maji ya mwezi kumi na saba

Mwaka 2009, nikiwa na miaka 46, nilihamishiwa shule ya kisiwani Songosongo, Wilaya ya Kilwa. Mimi ni mtu wa Kondoa. Kwetu maji ni ya kisima na ya mto wa msimu, na bahari nilikuwa nimeiona mara mbili tu, zote nikiwa nimesimama ufukweni Dar es Salaam. Hata hivyo, nilikuwa nimefundisha kupwa na kujaa kwa maji kwa miaka 21. Nilikuwa na mchoro wangu wa ubaoni, jua, dunia na mwezi kwenye mstari mmoja, na chini yake sentensi ya kunakili: bamvua, yaani maji makubwa yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine, hutokea siku ya mwezi mwandamo na siku ya mwezi mpevu.

Katika zoezi moja mvulana wa darasa la sita aliandika kwamba maji makubwa huja siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi mpevu. Nikamtia kosa kwa wino mwekundu. Alikuja mezani na daftari lake, akauliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, umeshawahi kwenda kuchokoa pweza?"

Nikamwambia akakae.

Bibi yake alikuwa jirani yangu. Jioni ile alipita barazani kwangu, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa. Habari ya daftari hakuigusa. Alitazama juu, akahesabu siku tangu mwezi uandame, akasema, "Leo mwezi kumi na nne. Ngoja kumi na saba, twende wote mwambani. Maji yatakuwa yamekupwa kabisa kama saa tano kasoro." Alisema saa ile kama mtu anayetaja saa ya basi. Nilikubali, na nasema kweli, nilikubali kwa sababu swali la mjukuu wake lilikuwa halijanitoka kifuani.

Tulitoka saa tatu asubuhi, yeye, wanawake wengine wanne na mimi, kanga zimefungwa kibwebwe, miguuni yeboyebo. Maji yalikuwa bado yanatoka, nasi tukayafuata nyuma. Njiani alinionyesha jiwe jeusi. "Siku ya kumi na tano hili halikutoka lote. Leo tazama." Lilikuwa limesimama kavu mpaka kwenye shina lake. Nilizunguka jiwe lile lote. Mwezi ulikuwa umeanza kupungua tangu juzi, mchoro wangu ulisema maji yameshaanza kupoa, na jiwe lilikuwa pale mbele yangu, kavu. Bahari haiitikii siku ileile inayovutwa, huchelewa. Mtoto yule alikuwa ameandika alichokiona kwa macho yake tangu alipoanza kutembea.

Kisha akanifundisha pweza. Mimi nilitafuta mashimo, na mwamba wote ni mashimo. Yeye hakutafuta shimo. Alitafuta maganda. Pweza akila kaa au chaza hutupa maganda mlangoni kwake, na yale mapya huonekana, bado ni safi, hayajaota ukungu wa kijani. Akasimama, akanipa mchokoo, ule mti wa kuchokolea. "Hapa kuna mtu ndani." Nilichokoa mpaka mkono ukaniuma, kisha kitu kikaushika mti kutoka upande wa pili na kuuvuta. Sijui namna ya kueleza furaha ile kwa mtu ambaye hajavutwa hivyo. Nilikuwa na miaka 46 na nilipiga ukelele.

Nikataka wa pili. Niliinama nikitafuta maganda, shimo hadi shimo, sikumbuki ni kwa muda gani. Nikasikia, "Mwalimu, tazama nyuma yako."

Mbele yangu, upande wa bahari kuu, mwamba ulikuwa bado wazi. Nyuma yangu, ule mkondo tuliouvuka maji yakiwa ya kifundo cha mguu ulikuwa umejaa na unakwenda kasi. Siku zote nilikuwa nawachorea watoto maji yakija kama mstari, kutoka kilindini moja kwa moja hadi nchi kavu. Hayaji hivyo. Hupita kwanza kwenye mikondo, mahali pa chini, yakakuzunguka na wewe bado umesimama pakavu. Tulivuka tumeshikana mikono, pweza wangu begani, maji kiunoni, naye bibi akiongea nami polepole njia nzima kama mtu anayemtuliza mtoto. Nilimbana vidole hata tulipofika akabaki anavinyoosha.

Jumatatu niliomba daftari la yule mvulana. Nilikata ile alama ya kosa, nikaweka vema, nikatia sahihi yangu pembeni. Kisha nikamwita ubaoni, nikampa chaki, nikakaa kwenye dawati lake katikati ya wenzake. Alisita kidogo, akafuta mstari wangu wa maji kwa kiganja na kuanza kuchora mikondo. Aliijua kwa majina, mmoja mmoja. Nikafungua daftari langu la maandalio, nikamwomba arudie jina la ule wa pili, maana lilinipita.