Nilivyompata tiva wa mafunjo Dunga, baada ya kuchezewa na jogoo

Niungame kwanza: ndege aitwaye tiva wa mafunjo alikuwa kwenye orodha yangu ya ndege niliowaona tangu mwaka juzi, na alikuwa wa uongo. Nilimkuta juu ya ua wa mtu nikielekea Dunga, kinamasi cha mafunjo ukingoni mwa Ziwa Viktoria, kifua chekundu kama kimepakwa rangi jana yake. Nikapiga picha, nikaituma huku mkono unatetemeka. Siku tatu baadaye mhakiki wa orodha akaniandikia kwa ule upole unaouma: "Tafadhali tazama utosi."

Nikautazama. Mweusi ti. Bawa nalo jeusi, halina hata mstari. Huyo alikuwa tiva kichwa-cheusi, ambaye hapa Kisumu huingia mpaka bustanini. Wa mafunjo ana utosi wa manjano na mstari mweupe kwenye bawa, na nje ya mafunjo hatoki hata umlipe. Haya yote yamo vitabuni. Niliyasoma baada ya aibu.

Basi nikaanza kumtafuta wa kweli. Kila niliyemuuliza alinipa ushauri uleule: weka sauti yake kwenye simu, fungua mpaka mwisho, atatoka mwenyewe. Ushauri huo ulinila asubuhi tatu, na hela ya mtumbwi ambayo sijaijumlisha kwa makusudi, kwa sababu nyumbani kwangu kuna mtu anajua hesabu.

Asubuhi ya tatu sitaisahau. Ziwa limelala, mafunjo yametuzunguka, marefu kuliko watu wawili wakipandana mabegani. Nikafungulia sauti. Kimya. Nikarudia. Kutoka ndani kabisa, mluzi ukajibu! Nikambana mpiga makasia apeleke taratibu. Tukapenya kwenye kijia cha wavuvi, magugumaji yakikwaruza ubavu wa mtumbwi, mimi nimeshika darubini kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine. Nikipiga, anajibu. Hachoki, hakosei, na kila akijibu yuko karibu zaidi. Nusu saa nzima tulikwenda hivyo, na mimi tayari natunga maneno ya kumwandikia yule mhakiki.

Mara mpiga makasia akainua kasia, akatega sikio.

"Omera," akasema, "huyu ndege wako anafuga kuku?"

Nikasikiliza. Mluzi, halafu kwa mbali, jogoo. Mluzi, jogoo. Mluzi, jogoo. Katikati ya ziwa! Tukakata kona, na hapo tukakutana uso kwa uso na mtumbwi mwingine. Ndani yake bwana mmoja mwenye kofia pana, spika imefungwa kwenye fimbo, ananitazama kama mtu aliyeahidiwa mahari akaletewa barua ya deni. Sauti yake ilikuwa imerekodiwa karibu na boma la mtu. Nusu saa tulikuwa tunaitana, mimi na yeye. Tukasalimiana kwa heshima zote na kila mtu akageuza mtumbwi wake.

Tangu siku hiyo sipigi sauti tena, na si kwa aibu tu. Tiva anapoisikia hudhani mwenzake amevamia eneo lake, anaacha kula, anaacha kiota, anahangaika kumtafuta adui asiyekuwepo. Tena Dunga wanakuja wengi, wote na simu zao.

Aliyenitoa hakuwa hata na darubini. Ni mama mmoja anayekata mafunjo ya mikeka, ambaye alikuwa ameniona nikizunguka mpaka akanihurumia.

"Kijana wangu, huyo mwekundu unamkimbiza wa nini? Kaa pale nilipokata juzi. Ana kwake ng'ambo zote mbili, lazima avuke."

Pale alipokata pamebaki uwazi kama upana wa barabara ya kijijini, visiki vya mafunjo vimechomoza juu ya maji. Tulifika kabla ya jua, maana upepo wa ziwa ukishaanza kila shina hucheza na kila shina ni ndege. Jua tukaliacha mgongoni. Kisha kitu ambacho naona fahari kukisema kwa kuwa ni changu mwenyewe: niliizuia kamera isijitafutie shabaha yenyewe, maana siku zote hukamata shina la mbele na kumwacha ndege kama moshi. Nikailenga kwa mkono kwenye ukingo wa ng'ambo, nikaiacha hapohapo. Darubini vilevile.

Chiriku wa mafunjo walipita, nikawapuuza, dhambi ambayo nitaitubia siku nyingine. Jua likaanza kuchoma shingo. Halafu kisiki kimoja kikayumba bila upepo.

Alitua chini kabisa, kama dhiraa moja juu ya maji. Utosi wa rangi ya bizari, tumbo jekundu, na ule mstari mweupe bawani umenyooka kama chaki. Akadonoa kitu kwenye kisiki, akakipigapiga, akameza. Ndani ya mafunjo mwenzake akapiga mluzi, naye akaruka. Nilipata picha mbili. Moja ni ya mkia.

Ya pili ilitosha. Mhakiki alijibu neno moja: "Safi."

Tulipofika ufukweni nilimkuta bwana wa kofia pana anajiandaa kupanda mtumbwi. Nikamweleza ule uwazi ulipo, mpaka kona ya kukatia. Akanishukuru sana, kisha akaniuliza kama pale spika inasikika vizuri.