Kalenda za Mama

Jumamosi ya tarehe 30 Septemba 2023 nilitoka zamu ya hospitali, hapa Leicester, Uingereza, saa moja na nusu usiku, miguu imevimba, nikapita dukani kuchukua maziwa, kisha nikaenda kujaza fomu ya ukaazi wa kudumu. Sikuwa na siku nyingine. Serikali ya Uingereza ilishatangaza kwamba kuanzia tarehe 4 Oktoba ada ingepanda kutoka pauni 2,404 hadi 2,885. Mimi niliingia nchini tarehe 24 Oktoba 2018, na sheria ilikuruhusu kuomba siku 28 kabla hujatimiza miaka mitano. Kwa hiyo nilikuwa na wiki moja tu ya kuomba kwa bei ya zamani, na katika wiki hiyo nilipangiwa zamu nne za saa kumi na mbili na nusu kila moja.

Mambo mengine yote yalikuwa tayari. Mtihani wa maisha ya Uingereza niliufanya Julai: maswali 24, dakika 45, ukikosa zaidi ya sita umeanguka. Kitabu chake nilikisomea kwenye basi, wafalme na vita vyao, nikashuka zaidi ya mara moja kituo kisicho changu. Barua ya mwajiri ilikuwepo, hati za mshahara zilikuwepo. Kilichobaki ni ukurasa wa safari.

Ukurasa huo unataka kila safari uliyotoka nje ya Uingereza kwa miaka yote mitano: tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi, ulikwenda wapi, kwa sababu gani. Ukizidisha siku 180 nje katika kipindi chochote cha miezi 12, miaka yako yote inaweza kupotea. Dada mmoja wa Kerala, India, tuliyekuwa naye wodini alinionya: tarehe zako zisipolingana na za serikali, watakuuliza. Kwa hiyo nilitandaza pasipoti mezani nikaanza.

Safari ya kwanza, Agosti 2019, ndoa ya mdogo wangu. Siku 15. Ya pili, Novemba 2021. Siku 17. Hapo kwenye sababu niliandika "kutembelea familia", nikafuta, nikaandika "kuzuru kaburi la baba", nikafuta tena. Nikarudisha yale ya kwanza.

Baba alifariki mwishoni mwa Aprili 2020, siku chache baada ya mfungo kuanza. Nilikuwa kwenye wodi ya wagonjwa wa korona, nimevaa barakoa iliyonikata pua, na simu ilikuwa kabatini. Walimzika alasiri ya siku hiyohiyo, kwetu Muheza, mkoani Tanga, na kaka yangu alinishikia simu kaburini nikaona migongo ya watu na udongo mwekundu. Tanzania ilikuwa imesimamisha ndege za abiria za kimataifa tangu katikati ya Aprili. Nimejiambia mara nyingi kwamba hata ndege zingekuwepo nisingewahi maziko, na ni kweli. Lakini arobaini ningewahi. Anga ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 18 Mei, ila wodini likizo zote zilikuwa zimesimamishwa. Mwaka uliofuata, kuanzia Januari hadi Oktoba, Tanzania ikawa kwenye orodha nyekundu ya Uingereza. Kurudi kutoka huko kulimaanisha kufungiwa hotelini siku 10 kwa pesa yako mwenyewe, pauni 1,750, na kufikia Agosti ikawa 2,285. Orodha ilipopunguzwa nilikata tiketi ya Novemba. Kaburi lilikuwa limeshaota majani.

Safari ya tatu ndiyo iliyonikwamisha. Desemba 2022 nilikwenda kwa ajili ya macho ya mama, alikuwa anatolewa mtoto wa jicho. Mhuri wa kuingia Dar es Salaam ulikuwa umelowa, namba zimekuwa doa la wino. Wa kutoka sikuuona kabisa. Tiketi niliinunua kwa wakala kupitia simu ambayo baadaye iliibiwa. Nilipekua barua pepe, picha, risiti za benki. Ilipofika saa sita nilikuwa nimejaza tarehe tatu tofauti na siiamini hata moja.

Wakati huo nikamkumbuka mgonjwa wangu wa mchana. Leicester imejaa Wahindi waliotoka Afrika Mashariki, wengi wao kutoka Uganda mwaka 1972, na wazee wao bado wana Kiswahili. Mama huyu alisoma jina langu kifuani akaniuliza kwa Kiswahili, "Wa wapi wewe?" Nikamwambia Muheza. "Muheza machungwa!" akasema, akanishika mkono. Alikulia Tanga mjini. Nilipomuuliza kama amewahi kurudi, alitikisa kichwa, akasema, "Nitakwenda kwa nani sasa?" Nilimpimia presha, nikaandika, nikahamia kitanda cha pili. Kazi yetu haikuachii nafasi ya kusimama.

Tuko nyuma ya Tanzania kwa saa mbili wakati ule wa mwaka. Nilingoja mpaka saa tisa na robo usiku, nikijua mama ameshaamka kwa ajili ya alfajiri, nikapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini saa hizi? Unaumwa?"

"Siumwi. Nataka kujua nilikuja lini mwaka jana. Tarehe yenyewe."

Hakuuliza kwa nini. Nilimsikia akimwamsha mjukuu wake: "Hebu niletee zile kalenda nyuma ya kabati. Zote." Mama hutundika kalenda anayopewa dukani, na mwaka ukiisha huikunja akaihifadhi. Hilo nililijua. Sikujua anaihifadhi kwa sababu gani.

Karatasi zilikwaruza, mtoto akasoma, mama akarudia kwenye simu. "Ulifika Alhamisi tarehe 8 Desemba. Nimezungushia. Ukaondoka Jumatatu tarehe 19. Siku kumi na mbili, na ya kufika nimeihesabu." Halafu, bila kuombwa, akaendelea: "Mwaka wa ndoa ulikaa siku kumi na tano. Ule wa korona ikipungua, kumi na saba. Jumla arobaini na nne."

Nilitazama skrini. Nami, kwa kukisia siku za safari ya tatu, nilikuwa na 44. Jioni nzima nilikuwa nikiifurahia namba hiyo kwa udogo wake, kwamba niko mbali na 180, kwamba hakuna ofisa atakayenisumbua.

"Na hii ya 2020," akasema taratibu, "ina alama ya baba yako tu."

Nilishindwa kujibu. Akaniacha nilie, hakunikatiza. Kisha akauliza, "Sasa mwaka huu nizungushie ipi?"

Ikabidi nimweleze kwamba nikishatuma maombi siwezi kutoka. Ukisafiri nje kabla hawajajibu, wanahesabu umeyaondoa mwenyewe, na majibu yanaweza kuchukua hadi miezi sita. Akasema haya, tuombe Mungu, kalenda itangoja. Nikajaza tarehe, nikalipa 2,404, nikalala kwa saa mbili tu.

Jibu lilikuja Januari 2024. Nilikuwa chumba cha mapumziko, chai mkononi. Nilimpigia yeye kabla sijamwambia mtu yeyote wodini.

"Mama, chukua kalamu. Zungushia tarehe 9 Machi, nije tufunge pamoja."

"Na ya kuondoka?"

"Tarehe 12 Aprili, baada ya Idi."

Alinyamaza. Nikasikia karatasi ikifunuliwa kwenda mwezi unaofuata, na mama akihesabu kwa sauti ndogo, moja, mbili, tatu, mpaka akapita thelathini.