Siku moja na saa za mashine pepe

Saa 1:30 asubuhi. Kabla sijafungua barua pepe naandika `chronyc tracking` kwenye seva mama zote, yaani kompyuta zinazobeba mashine pepe. Amri hiyo huiuliza chrony, programu inayosahihisha saa ya kompyuta kwa kuuliza saa nyingine, saa imekosea kiasi gani. Zimeachana na UTC, saa rasmi ya dunia, kwa chini ya milisekunde 1. Hizi ni mashine halisi, mara chache hunisumbua. Wasumbufu ni wapangaji wake, mashine pepe, kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani yake, ambazo hunyang'anywa prosesa wakati wowote bila hata kujua.

Saa 3:10. Simu inalia: watu hawawezi kuingia kwenye mfumo. Nywila ni sahihi, mtandao hauna tatizo. Naandika `date` kwenye mashine pepe inayohusika, naweka saa yangu ya mkononi kando ya kioo. Iko nyuma dakika 41! Ilikuwa imesimamishwa ili diski zake zihamishwe, na ilipoamshwa ikaendelea kuhesabu pale pale ilipoachia. Kwa kawaida Kerberos, mfumo unaothibitisha watumiaji kwa tiketi zenye muda, huvumilia tofauti ya dakika 5 tu, kwa hiyo kila tiketi ilikataliwa.

Chrony ilishaliona kosa. Ila mpangilio wake, `makestep 1.0 3`, unairuhusu kuirusha saa katika masahihisho 3 ya kwanza tu tangu iwashwe. Baada ya hapo huisogeza polepole, na kwa kasi yake ya juu kabisa hufidia sekunde 1 kila baada ya sekunde 12. Dakika 41 kwa mwendo huo ni zaidi ya saa 8. Nautetea utaratibu huu tofauti inapokuwa ndogo, maana hifadhidata huumizwa na muda unaoruka, hasa ukiruka kurudi nyuma. Leo hapakuwa na nafasi ya kusubiri. Nasimamisha programu, naandika `chronyc makestep` (irushe saa sasa hivi), nawasha programu. Watu wanaingia.

Saa 5. Nakagua mashine jirani, na grafu ya kosa la saa yake ni meno ya msumeno: inapanda, inakatika, inapanda. Chrony inavuta huku, programu saidizi ya seva mama, nayo inairekebisha saa, inavuta kule. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Naizima ile saidizi, nabakiza chrony.

Saa 8 mchana. Kwa mashine zinazosimamishwa mara kwa mara naandika `makestep 1 -1`, yaani ruka wakati wowote tofauti ikizidi sekunde 1. Hilo peke yake halitoshi, kwa sababu chrony ikishatulia huweza kukaa hadi sekunde 1024 bila kuuliza saa. Kwa kuwa tunatumia KVM, teknolojia ya Linux ya kuendesha mashine pepe, naiongezea `refclock PHC /dev/ptp0`, isome saa ya seva mama moja kwa moja. Seva mama zenyewe nazipa vyanzo 4: vikiwa 2 vikapingana, huwezi kujua mwongo ni nani, vikiwa 4, hata kimoja kikifa, vitatu vinatosha kumuumbua.

Saa 10:20 jioni. Naisimamisha mashine ya majaribio dakika 10, naiamsha, naikodolea macho. Tofauti: sekunde 600. Bado 600. Kisha 0.0004.

Naanza kuusambaza mpangilio kwenye mashine zilizobaki.