Ratiba ya Disney aliyoipanga Bibi

Kazi yangu ni kupanga zamu. Ghala ninalofanyia kazi, nje kidogo ya Atlanta, lina watu wa asubuhi, wa mchana na wa usiku, na mimi ndiye ninayejua nani anaingia saa ngapi na nani kaomba ruhusa. Kwa hiyo mume wangu aliposema twende Disney World, zile bustani za michezo za Florida, mama yangu akiwa bado yuko hapa, sikuuliza hela itatoka wapi. Nilifungua kompyuta nikaanza kuchora jedwali.

Mama alikuja kutoka Tanga mwezi wa tano. Ana miaka 70, presha kidogo, magoti mabovu, mdomo mzima kabisa. Watoto ni watatu: kijana wa miaka 15 aliyezaliwa hapa hapa Georgia, binti wa miaka 7, na kitinda mimba aliyekuwa anakaribia kutimiza mitatu. Huyo wa mwisho ndiye aliyechagua tarehe bila kujua. Disney mtoto ambaye hajafika miaka 3 anaingia bure, wa 3 hadi 9 analipiwa tiketi ya mtoto, na wa 10 na kuendelea ni mtu mzima hata kama bado anafuliwa soksi. Wetu anatimiza Julai, basi tukaenda Juni. Kama una mtoto wa umri huo, usiiache tarehe ikupite. Tiketi aliyookoa ililipa mafuta yetu ya kwenda na kurudi na chenji ikabaki.

Hatukulala kwenye hoteli zao. Tulikodi nyumba Kissimmee, dakika ishirini hivi kwa gari, kwa sababu tulitaka jiko. Ukilala kwao unaingizwa bustanini nusu saa kabla ya wengine, na ile njia ya kukwepa foleni wanayoiuza, Lightning Lane, unaweza kuchagua saa zako siku 7 kabla. Sisi wa mitaani tunasubiri hadi siku 3 kabla, saa moja asubuhi kamili. Siku hiyo nilikuwa nimekaa na simu mkononi tangu saa kumi na mbili na nusu kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Nikapata michezo mitatu, kila mmoja na saa yake moja ya kufika. Ikikupita, imekupita.

Binti tulimpima mlangoni jikoni, mgongo ukutani, kitabu kichwani, alama ya penseli: sentimita 120. Ile pikipiki ya kasi inayoitwa Tron inataka 122. Akaomba apimwe tena na raba miguuni, akaomba apimwe na nywele zikiwa zimefungwa juu. Nikamwambia wale wa getini wana kipimo cha mti na hawana huruma, bora ulie leo jikoni kuliko kulia kule baada ya kupanga foleni. Akalia. Kule hakulia. Vipimo vya kila mchezo viko kwenye programu yao ya simu, vipitie mapema.

Sasa jedwali. Lilikuwa zuri, nasema ukweli. Rangi tatu, mistari kumi na minne kwa siku ya kwanza peke yake. Nililichapisha, nikalibandika kwenye friji ya Kissimmee, nikalituma na kwenye kundi letu la WhatsApp. Kosa lilikuwa kwenye saa. Muda wa kufungua na wa Lightning Lane niliunakili kama ulivyo kwenye programu yao, kwa saa za Kizungu: 9:00, 9:20. Mambo yetu wenyewe, kula, kupumzika, kukutana, niliandika kama ninavyoongea na mama: 7:00 kukutana mbele ya ngome, 8:00 kula. Bila asubuhi, bila mchana. Kichwani mwangu kila kitu kilikuwa kimenyooka. Miaka 17 naishi na saa mbili kichwani, hata zikigongana sisikii.

Siku ya kwanza ilikuwa Magic Kingdom, ile bustani yao yenye ngome. Saa moja na nusu asubuhi sote tumevaa, kigari cha mtoto kiko kwenye buti, mama yuko jikoni na kanga zake anasukuma chapati.

"Mama, tunachelewa."

"Tunachelewa wapi? Si umeandika wanafungua saa tisa?"

Nikaangalia friji. 9:00. Kweli, saa tisa.

Tukatoka saa mbili na nusu na chapati za moto kwenye hotipoti. Magic Kingdom ukienda na gari hufiki mlangoni. Unaegesha, unakaguliwa, halafu unavuka ziwa kwa kivuko au unapanda treni ya reli moja ya juu. Kwenye ukaguzi chapati hazikuwa na shida, chakula chako wanakuruhusu. Shida ilikuwa chupa ya mama ya pilipili ya kukaanga. Vyombo vya kioo haviingii. Mume wangu akarudi nayo hadi kwenye gari, kwenye jua, na aliporudi mama akamuuliza kama ameiweka kivulini. Kwenye kivuko mama alitulia, akasema ni kama tunakwenda Kigamboni ila hakuna anayeuza korosho. Tulipoingia ilikuwa saa tano kasoro robo. Mchezo wangu wa kwanza, wa 9:20, ulishakwenda na maji.

Kijana aliomba aende peke yake kwenye ile Tron na Space Mountain, treni ya kasi ya gizani, nikamruhusu. "Tukutane kama ilivyoandikwa," nikamwambia. Saa saba mchana tuko mbele ya ngome. Yeye hayupo. Nikapiga simu, imezimika. Ile programu ya Disney inakula chaji kama mtoto wa boda anavyokula lami, na betri ya akiba nilikuwa nayo mimi kwenye mkoba. Saa saba na nusu. Saa nane. Mama kakaa kwenye ukingo wa maua, kanga kichwani. Mume wangu ameanza kuzunguka na mimi nimeanza kusoma dua. Saa nane na robo mbingu ya Florida ikafanya inavyofanya karibu kila alasiri za Juni, ikafunga giza na kumimina, na radi ikianza michezo yote ya nje inasimamishwa. Ndipo nilipomwona kijana wangu anatembea taratibu kwenye mvua, aiskrimu mkononi.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwani imefika? Mama, umeandika saba. Sasa ni mbili na nusu."

Alimaanisha saba ya usiku. Saba yao. Kiswahili anaongea vizuri, shikamoo anatoa bila kukumbushwa, lakini saa nyumbani kwetu tumekuwa tukizitaja kwa Kiingereza tangu azaliwe, na hilo ni la kwetu, si lake. Nilitaka kugomba nikaona mama ananitazama. Tukakimbilia ndani ya Carousel of Progress, ukumbi wa baridi ambao viti vyenyewe ndivyo vinavyozunguka jukwaa, kitu kilichoanzia kwenye maonyesho ya New York ya 1964. Wengi wanakipita kwa sababu hakirushi mtu juu. Mama alilala. Kitinda mimba alilala. Na mimi nilisinzia, nikaota jedwali.

Usiku ule, baada ya kula, mama akalitoa jedwali kwenye friji, akalipindua upande mweupe, akaomba kalamu.

"Ratiba gani hii haina swala hata moja?"

Mume wangu akajaribu kusema msafiri ana ruhusa ya kukusanya. Mama akamwambia ruhusa ya njiani anaijua, sasa tumefika, tuna nyumba na maji ya bomba. Akaandika, kwa zile herufi zake za kulalia upande:

*Alfajiri – chai, kutoka. Adhuhuri – nyumbani, kula, kulala. Alasiri – anayetaka atoke tena. Magharibi – wote pamoja.*

Basi. Mistari minne. Nilitaka kucheka, halafu nikaanza kupiga hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Orlando mwezi wa sita alfajiri inaingia saa kumi na moja na dakika chache. Ukiamka kuswali huna haja ya kengele wala ya kumkokota mtu, na saa za mwanzo baada ya mlango kufunguliwa ndizo zenye foleni fupi. Adhuhuri inaingia karibu saa saba na nusu, hapo jua liko utosini, foleni zimejaa, na mvua ya radi iko njiani. Alasiri inaingia saa kumi na moja hivi, mvua mara nyingi imeshapita, na watu wenye watoto wadogo wanaanza kurudi. Magharibi ni karibu saa mbili na nusu usiku, fataki zikikaribia. Mimi nilitumia wiki tatu kutafuta nafasi zile kwenye jedwali langu. Na hakuna Kizungu wala Kiswahili ndani yake. Adhuhuri ni adhuhuri. Kijana hawezi kuisoma kama kitu kingine, kwa sababu azana ya simu ya Bibi yake inasikika nyumba nzima.

Siku ya pili tulikwenda Animal Kingdom, bustani yao ya wanyama. Kule ndiko waliko­jenga kijiji kinachoitwa Harambe, na waliokichora walichukua sura yake Lamu: kuta nene, milango ya kuchonga, vibao vya Kiswahili kila kona. Saa mbili asubuhi tulikuwa getini, mlango unafunguliwa. Umati ukakimbilia kushoto, kwenye milima inayoelea ya Pandora, ile ya filamu ya Avatar. Sisi tukaenda na mama kwa mwendo wa magoti yake, hadi Kilimanjaro Safaris, lile lori la wazi linalopita kwenye wanyama wa kweli. Halina kipimo cha urefu, kwa hiyo familia nzima mnapanda pamoja, na asubuhi wanyama bado wana nguvu za kutembea.

Dereva akatusalimu, "Jambo!"

Mama akajibu, "Sijambo mwanangu, habari za kazi? Mmeamkaje huku?"

Dereva akatabasamu. Akaendelea kutabasamu.

"Kumbe limeishia hapo," mama akasema.

Twiga alisimama mbele ya lori na kuziba njia, tukasubiri, na binti akasahau habari za Tron. Mama alikuwa mkali kwa ardhi yenyewe. Aliwaambia wajukuu zake kwamba mbuyu ule si mbuyu, ni saruji. Ni kweli, ni wa saruji.

Tuliporudi kijijini akasoma kibao: Dawa Bar. Akauliza kama tunaweza kuingia anunue panadol. "Mama, hiyo ni baa," mume wangu akamwambia kwa sauti ya chini. Alisimama pale muda mrefu akiitazama ile nyumba. Halafu akagusa ukuta. Wameupaka makusudi uonekane wa zamani, chokaa imebanduka, matofali yanachungulia, madoa ya mvua ya miaka ambayo haikuwahi kunyesha; bustani nzima ilifunguliwa 1998. "Wana hela zote hizi," akasema, "kwa nini hawapaki chokaa?" Kijana akamweleza kwamba ndivyo walivyotaka. Mama akasema mjomba wake angeaibika kupokea mgeni kwenye ukuta kama huo.

Mbele kidogo kulikuwa na maandishi: Uhuru 1961. Ndiyo habari ya kijiji chao cha kubuni, kwamba kilipata uhuru mwaka huo. Mama alikuwa na miaka sita Desemba ile Tanganyika ilipopata wa kwake. Akamshika binti mkono na kumwambia jinsi shuleni walivyogawiwa bendera ndogo za karatasi, yake ikalowa kwa jasho na rangi ikabaki kiganjani, na hakunawa hadi kesho yake. Mimi ni mwanawe wa kuzaa na sijawahi kuisikia habari hiyo. Kwenye jedwali langu, dakika hizo zilikuwa za Expedition Everest, treni yao ya kasi ya mlimani.

Everest tulipanda baadaye, kwa zamu. Ukiwa na mtoto aliye chini ya sentimita 112, mwambie mhudumu mnataka Rider Switch: mmoja anabaki na mtoto, wengine wanapanda, wakishuka mnabadilishana na yule aliyebaki hapangi foleni upya. Kwa zamu mimi sina wa kunifundisha, hapo nilikuwa nyumbani. Maji ya barafu omba kwenye kaunta yoyote ya chakula cha haraka, wanatoa bure, usinunue chupa. Saa sita na nusu tukatoka, na adhuhuri ilitukuta Kissimmee, ubwabwa mezani, pilipili iko kwenye kopo la plastiki. Mvua ilinyesha tukiwa tumelala.

Siku ya tatu tulirudi Magic Kingdom, lakini asubuhi hatukwenda kabisa. Kutoka pale katikati ya siku na kurudi kunakula karibu saa mbili nzima za kivuko na maegesho, haina maana. Watoto waliogelea kwenye bwawa la nyumba, mama akasuka nywele za binti, na baada ya alasiri tukatoka. Magharibi tuliswali kwa zamu kwenye kona moja tulivu, wanawake kwanza, kanga ya mama ikiwa mswala. Fataki zilipoanza kitinda mimba alikuwa amelala kwenye kigari na hakushtuka. Mama alitazama zote, na mwisho akauliza kama wanapiga kila siku au leo kuna harusi.

Kurudi Georgia niliandika neno moja tu kwenye kundi la WhatsApp: *Alfajiri.* Nilipotoka na mifuko saa kumi na moja na nusu, kijana alikuwa ameshakaa kwenye gari, viatu miguuni, mkanda kifuani, amelala fofofo.